Raskazone, Tanga: faiba inakatikakatika, mwanga unasoma -29. Nianzie wapi?

Mpwani_TA: Wakuu, heshima kwenu. Tangu meza ya modemu ihamishwe, taa ya LOS (ya kuonya kuwa mwanga wa faiba haufiki) inawaka nyekundu kila mara. Ukurasa wa modemu unaonyesha mwanga unaopokelewa ni -29 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga kwa desibeli). Nisubiri fundi, au nisafishe konekta (kichomeko cha ncha ya waya) kwa spiriti?

Nyuzi9: Mkuu, -29 ni hafifu mno, namba ikizidi kushuka chini ya sifuri mwanga ni mdogo zaidi, na modemu nyingi za GPON (mfumo wa faiba za majumbani) mwisho wake ni kama -27. Piga hesabu: mtambo wa kampuni unatuma takribani +3, kigawanyio cha kugawa mwanga kwa nyumba 32 kinakula desibeli kama 17, kilomita 5 za waya hazili hata 2, konekta na maungio tuseme 2. Ulitakiwa usome -18 hivi. Desibeli 11 zinavujia mahali, na mimi naanza na nyuma ya hiyo meza. Faiba ikikunjwa sana mwanga huvuja kwenye kona. Ya kawaida usiipinde chini ya nusu kipenyo cha sentimita 3, ile ya kuvumilia mikunjo, G.657A2, huvumilia milimita 7.5. Aina huandikwa kwenye ganda.

DadaMtandao: Spiriti ya kidonda weka mbali, ina maji na huacha utando. Tafuta alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 na kitambaa kisichotoa nyuzi, futa mara moja kwa upande mmoja. Shati usithubutu: kiini cha faiba, kinachopitisha mwanga, ni mikroni 9, punje moja ya vumbi inakiziba. Na tundu usichungulie kabisa, mwanga ule hauonekani lakini unaumiza jicho.

Nyuzi9: Naongezea, mkunjo huumiza zaidi mwanga unaoshuka kuja kwako (urefu wa wimbi nanomita 1490) kuliko unaopanda kwenda kwa kampuni (1310).

Mpwani_TA: Mguu wa meza ulikuwa umeukalia waya! Nimeunasua, sasa -22, LOS imezima. Niuache hivyo?

DadaMtandao: Itafanya kazi, ila kioo cha faiba kilichokwisha kubanwa huweza kuwa na ufa, na ufa huweza kuendelea. Badilisha huo waya mfupi wa ndani. Angalia rangi: konekta ya kijani ni APC, uso wake umekatwa mshazari wa digrii 8, bluu ni UPC, uso wa kawaida. Ukichomeka bluu kwenye kijani zinaacha mwanya, mwanga unapotea, na nyuso zinaweza kukwaruzana. Dukani watakwambia zote sawa. Nenda na wa zamani mkononi, ulinganishe ncha zote mbili kabla ya kulipa.