Naomba ushauri: gita sinthesaiza inachelewa kwenye uzi wa sita

Wakuu habari zenu. Napiga gita kwenye bendi ndogo ya taarabu hapa Tanga. Mpiga fidla wetu kahamia Muscat, basi nikatafuta Roland GR-55 ya mtumba (mashine inayogeuza noti za gita kuwa sauti za ala nyingine) na pikapu ya GK-3 (kifaa kinachosikia kila uzi peke yake) ili gita lishike nafasi ya fidla na akodiani.

Pikapu nimeifunga karibu na daraja, kebo ya pini 13 ni nzima, na usikivu wa kila uzi nimeupanga peke yake. Nyuzi nyembamba zinaitika vizuri mno, fidla inalia kabisa. Shida ni uzi wa sita: sauti inachelewa. Najua mashine lazima isikie mtetemo ndipo itambue noti, na E ya chini (noti ya uzi huo usipobanwa) ni kama Hz 82 tu, mitetemo 82 kwa sekunde, yaani mtetemo mmoja unakula milisekunde 12 hivi. Lakini kuna watu wanapiga besi humo bila kigugumizi!

Je, nipige oktava moja juu halafu niishushe kwenye mashine? Na pikapu ikae umbali gani? Nimeacha milimita moja nikibana freti ya mwisho.

Tafadhali msiniambie ninunue kinanda. Mpiga kinanda tunaye, tena ana wivu.