Kikundi cha mbio na kazi za mtaa: mnaviunganishaje?

Kocha wa Jumapili (Tanga)

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu.

Nina kikundi cha mbio hapa Tanga. Tunakutana Jumapili saa kumi na mbili asubuhi nje ya Uwanja wa Mkwakwani, tunateremka hadi Raskazone, tunapunga upepo wa bahari kidogo, tunarudi. Wengi ni akina mama wa rika langu, baadhi wana presha na walishaambiwa na daktari wapunguze uzito. Wapo pia walimu na vijana wachache wa bodaboda. Tumezoeana kiasi kwamba akifiwa mmoja tunakwenda wote, na asiyeonekana wiki mbili anapigiwa simu.

Sasa baadhi yetu wanasema nguvu hii isiishie kwenye jasho. Tunapita Ngamiani tunaona mitaro imejaa mchanga na chupa, tunapita nyumba za wazee wanaoishi peke yao. Wengine wanapinga. Wanasema wamekuja kukimbia, na watu wakishaona makoleo watapungua. Wana hoja, Jumapili ni moja tu kwa wiki na mtu ana familia. Mmoja amependekeza tuchange, twende kituo cha watoto yatima na mchele na sabuni, tupige picha, tumalize. Hilo roho yangu haijalikubali.

Waliofanikiwa kuunganisha mbio na kazi za kujitolea, mnaanza na lipi? Nani wa kumuona kwanza? Na mnafanyaje kazi isiue mbio?

Katibu wa Klabu (Mbagala, Dar)

Dada, hongera kwa kikundi. Mimi ni katibu wa klabu ya jogging huku Mbagala, na jambo hili ninalala nalo na kuamka nalo, kwa hiyo nivumilie nikiandika kirefu.

Kazi msiiweke pembeni ya mbio kama kikao cha ziada. Iwe ndiyo mwisho wa njia. Jumapili ya kawaida sisi tunazunguka na kurudi tulipoanzia. Jumapili ya kazi tunaondoka palepale tulipozoea, filimbi mbele, mwimbishaji anaimbisha, watu wanaitikia, ila kilomita ya mwisho inatuingiza kwenye mtaa wenye kazi. Makoleo, reki na matoroli yametangulia kwa guta. Mtu anafika damu imechemka, wenzake wako kulia na kushoto, wimbo haujaisha. Hapo hata asiyependa kushika koleo analishika. Mtu huyohuyo ukimwambia njoo Jumamosi saa mbili tufanye usafi, haji. Nimewaona watu walewale katika hali zote mbili, ndiyo maana nasema kwa uhakika.

Mbio za siku hiyo ziwe fupi, kilomita nne au tano. Mkikimbia kumi halafu mkainama mtaroni, migongo itawakimbiza wote. Na kazi isizidi saa moja na nusu hata kama haijaisha. Acheni hapo, mrudi mwezi ujao. Mimi naona watu wanairudia kwa moyo kazi waliyoiacha nusu kuliko mpya kabisa.

Wa kumuona kwanza ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji, kabla hamjanunua hata ndoo moja. Si kwa ajili ya ruhusa peke yake. Tope mkilitoa mtaroni na kulilundika ukingoni, jua la mchana linalikausha, unabaki mchanga uliochanganyika na visoda na vipande vya mifuko, na mvua ya kwanza inaurudisha wote ndani. Nimesimama mtaani kwetu mwezi wa tatu nikauangalia mtaro uliozibuliwa Jumapili ukijaa tena ndani ya wiki ileile. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtendaji liwe hili: gari la taka linakuja lini, na tope litalala wapi? Yeye ndiye anayemjua mkandarasi wa taka. Akisema gari halipatikani wiki hiyo, mtaro uacheni, fanyeni kazi nyingine. Na mitaro izibueni Februari kabla ya masika, kisha Septemba kabla ya vuli. Katikati ya mvua ni kuhatarisha watu bure.

Halafu wakazi. Mkifika, wenye mtaa wakakaa barazani wakiwatazama mnavyotoa taka zao, mmekuwa vibarua wasiolipwa, na wiki ijayo taka zitarudi palepale. Mjumbe apite nyumba kwa nyumba siku moja kabla, kila nyumba itoe mtu mmoja na jembe lake. Huku kwetu wanatoka, kwa sababu wanatusikia tukija kwa nyimbo tangu mbali, watoto wanatutangulia.

Kuhusu kituo cha watoto, napinga waziwazi kama alivyopendekeza mwenzenu. Mchele si mbaya, watoto wanakula. Lakini watu arobaini wenye fulana za rangi moja wanaingia, wanawabeba watoto, wanapiga picha, wanaondoka, hawaonekani tena mpaka mwaka mwingine. Mtoto anabaki na nini? Kama mnataka kweli kwenda, anzeni kwa afisa ustawi wa jamii, aseme kituo kinahitaji nini, kisha watumwe watu wawili au watatu, walewale, kila mwezi. Una walimu, na mwalimu wa hesabu anayerudi ana thamani kuliko gunia. Sura za watoto msizitundike mtandaoni.

Niongeze moja. Kuna bibi huku kwetu anaishi na wajukuu. Klabu ilipotaka kumsaidia kila mtu alikuwa na wazo lake: unga, mafuta, godoro. Mama mmoja wa klabu akaenda akaketi naye mkekani, akamuuliza. Bibi akasema anaomba bati la jikoni lipigiliwe kabla ya masika, kwa sababu upepo ukija linapigapiga usiku kucha na wajukuu hawalali. Nusu kilo ya misumari ya bati, vijana wawili, nyundo ya kuazima. Wale wote tuliokuwa tunapanga kuchangisha tulinyamaza. Siku hizi tukipita na mchakamchaka wetu wajukuu wanatukimbiza hadi kona.

Mtanzania wa Kigali

Nimefurahi kusoma hapa. Mimi niko Kigali kikazi. Huku Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano, na kila mwenye umri wa miaka 18 hadi 65 anatakiwa kushiriki. Watu wanafyeka, wanapanda miti, wanatengeneza njia. Kuna pia Jumapili za kufunga barabara kwa magari, zilianza 2016, na asubuhi hizo unakuta mji mzima unakimbia na kuendesha baiskeli. Ni siku mbili mbalimbali, hazijaunganishwa kama anavyoeleza Katibu.

Ninachotaka mkichukue ni kinachofuata baada ya umuganda. Kazi ikiisha watu hawatawanyiki, wanakaa kwa mkutano. Pale ndipo unaposikia nani amebomokewa ukuta na njia ipi haipitiki. Kwa hiyo Kocha, baada ya kazi kaeni dakika kumi chini ya mwembe pamoja na wakazi, wao wataje kazi ya mwezi ujao. Hapo nyumbani nako Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi, mnaweza kuanza nayo bila kuigusa Jumapili yenu.

Mkazi wa London Mashariki

Namheshimu Katibu ila kwenye njia tunatofautiana kidogo. Huku Uingereza kuna mpango unaitwa GoodGym, ulianzia hapa London Mashariki, mwanzilishi wake ni Ivo Gormley. Wakimbiaji wanakutana jioni, wanakimbia hadi penye kazi, wanafanya kazi, kisha wanakimbia kurudi. Kazi iko katikati. Kwa kawaida ni kuhamisha mboji kwenye bustani ya jamii, kupanga vyakula vya msaada, kusambaza vipeperushi. Kwa kazi kavu kama hizo, katikati panafaa sana, kwa sababu wote wanarudi pamoja na hakuna anayepotelea njiani. Kwa mtaro, sawa, hakuna atakayekimbia na tope magotini.

Lakini lililonigusa zaidi ni la wazee. Mkimbiaji anapangiwa mzee mmoja anayeishi mpweke, anakimbia hadi kwake mara kwa mara, wanapiga soga, anaondoka. Mzee huyo ndiye anayehesabiwa kuwa kocha wake. Kwa kuwa kuna mtu anamsubiri, mkimbiaji anatoka hata siku ya baridi ambayo asingetoka. Yaani mzee anampa mkimbiaji kitu, si kupokea tu. Kwa sisi tuliolelewa na bibi zetu hili halihitaji maelezo. Na hawatumi mtu hivihivi kwa mzee: kumbukumbu za polisi za mkimbiaji zinaangaliwa kwanza. Huko kwetu wazee wa mtaa na mjumbe wanamjua kila mtu, watumieni hao, na waende wawili wawili.

Muuguzi Mstaafu

Hamjambo wanangu. Yote mazuri, ila hakuna aliyetaja mikono na miguu ya watu.

Mtaroni kuna vioo na mabati, na siku hizi kuna sindano. Raba za kukimbilia si za kuingia mtaroni. Mabuti yawe kwenye guta pamoja na makoleo, na glovu ziwe nene za mpira, si zile nyembamba za hospitali. Sindano haiokotwi kwa mkono hata ukiwa na glovu; inachotwa kwa koleo na kuwekwa kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, kisha ipelekwe kituo cha afya. Aliyekatika aoshe kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, aende akaulizie chanjo ya pepopunda. Akina mama wenye presha wasiruke dawa zao asubuhi kwa sababu kuna mbio, na maji ya kunywa yawe mengi.

Kuna kazi nyingine inayofaa sana vikundi vya mbio, nayo ni kuchangia damu. Mnao watu wazima wengi wenye afya mahali pamoja, benki ya damu inawahitaji sana. Mchangiaji awe na umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Mwanamume anaweza kurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Wale wenye presha na wanaotumia dawa waseme mapema, wapimwe, na wasilazimishwe kwa aibu ya kundi. Ila ninawasihi, msikimbie na kutoa damu asubuhi ileile. Mtu ametoka jasho kilomita kumi halafu anatolewa karibu nusu lita, anaanguka. Siku ya damu watu waje wamekula na wamekunywa, watembee tu, waimbe wakitaka. Mbio nzito zisubiri angalau hadi kesho yake.

Kocha wa Jumapili (Tanga)

Wakuu, Mungu awabariki. Shikamoo mama Muuguzi, nimeyanakili yote na kuyatuma kwenye kundi letu.

Nimezungumza na wale waliokuwa wanapinga. Kilichowalainisha ni hilo la Katibu, kwamba kazi ina saa yake ya kuanza na saa ya kuacha, na mbio zinabaki. Tumekubaliana Jumapili moja kwa mwezi, tukitokea Mkwakwani kama kawaida lakini tunaishia Ngamiani badala ya Raskazone. Mtendaji nimemwona, gari la taka linapita Jumatatu asubuhi, kwa hiyo tope litalala usiku mmoja tu. Kituo cha watoto nitakwenda mimi na mwalimu mmoja kwa afisa ustawi, bila fulana.

Swali langu la mwisho: tope tulitie kwenye nini usiku huo? Makoleo tumepata ya kuazima, mifuko sina.

Katibu wa Klabu (Mbagala, Dar)

Nenda kwa wauza nafaka sokoni, waulize viroba vitupu vya sukari au vya mchele, vile vya kusukwa. Wanaviuza kwa bei ndogo, na ukiwaeleza kazi yenyewe wengine watakupa bure. Usichukue mifuko ya saruji ile ya karatasi, ikilowa inachanika mikononi. Kila kiroba kijazwe nusu tu, kwa sababu tope bichi ni zito na vijana wa gari la taka watakataa kukinyanyua kikijaa. Fungeni midomo kwa kamba ya katani, hiyo Tanga haikosekani, mvipange upande wa barabara gari linakopita.

Na mwimbishaji asiache kuimbisha mkianza kuchimba.