Tupeane uzoefu: kujiamini kwenye usaili na kazini, sisi wa Nyanda za Juu Kusini

Kabwe Mataa
Wakuu, vijana wengi wanaotoka MUST (chuo kikuu cha sayansi na teknolojia Mbeya), Mkwawa ya Iringa, Mzumbe ya Mbeya na vyuo vya VETA wana vyeti vizuri, ila wakikaa mbele ya jopo sauti inapotea. Wanaoajiri, wanaosimamia watu na wanaofundisha washushe hapa kinachosaidia. Hadithi za "mimi nilivyotoboa" tuziweke kando leo. Leteni hatua, vipimo na makosa yanayojirudia.

Bahasha ya Kaki
Naanza na karatasi, maana hofu nyingi chanzo chake ni bahasha isiyokamilika. Kwa nafasi za serikali zinazopitia Sekretarieti ya Ajira, unaingia na vyeti halisi: cha kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita kwa aliyepita huko, hadi stashahada au shahada, pamoja na kitambulisho. Karatasi ya matokeo ya muda haipokelewi badala ya cheti. Majina yakipishana kati ya cheti na kitambulisho, unahitaji hati iliyosajiliwa ya kuthibitisha jina, na hiyo haipatikani usiku wa kuamkia usaili. Vipange kwa mfuatano huo huo ili ukiulizwa usianze kufukua.

Sasa swali la "jieleze". Lijibu kwa sekunde 60 hadi 90. Anza na unachofanya au ulichosomea, kisha kazi moja au mbili zinazofanana na nafasi unayoomba, malizia na sababu ya kuitaka nafasi hiyo. Ukoo, idadi ya ndugu na kijiji ulichozaliwa viache mpaka waviulize. Kosa kubwa hapa ni kukariri neno kwa neno. Ukisahau sentensi ya tatu, zote zinazofuata zinaondoka nayo. Kariri vichwa vitatu tu, maneno yatakuja yenyewe, na kila ukifanya mazoezi yatakuwa tofauti kidogo. Hilo ndilo linalotakiwa.

Wakisema "tupe mfano", fuata mpangilio huu: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulifanya nini, kikatokea nini. Katika dakika mbili, zaidi ya nusu iende kwenye ulichofanya. Mfano wa muuza pembejeo Mwanjelwa, Mbeya:

"Msimu wa mbolea ya ruzuku foleni ilikuwa inatoka nje ya duka. Mimi nilikuwa mauzo. Nilitenganisha wenye namba ya usajili wa mkulima na wasio nayo, nikabandika bei mlangoni, nikaweka mtu wa kuhakiki namba kabla mteja hajafika dirishani. Awali tulikuwa tunafunga saa 12 jioni watu bado wapo. Baada ya hapo foleni ilikuwa inaisha saa 9 alasiri."

Wengi wanasema "tulifanya, tulipanga, tulifanikiwa" mpaka mwisho. Jopo linabaki halijui wewe ulishika nini.

Kipaza Sauti
Upande wa sauti. Ukiwa na hofu unapumua juu juu kifuani, pumzi inaisha katikati ya sentensi, mwisho wa maneno unamezwa. Dawa yake ni kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta: vuta kwa hesabu ya 4, toa kwa hesabu ya 6, rudia kama dakika tatu kabla hujaitwa. Utoaji mrefu ndio unaopunguza mapigo ya moyo. Ukivuta pumzi kubwa kubwa haraka haraka utapata kizunguzungu.

Kwa Mafinga, Njombe na Makete mwezi wa sita na wa saba, baridi nayo inaingia kwenye hesabu. Taya linakaza, mikono inatetemeka, na msaili anaweza kudhani ni woga. Fika nusu saa kabla, vaa fulana nzito ndani ya shati, kunywa maji ya uvuguvugu, tafuna hewa polepole kulegeza taya. (Ndiyo, utaonekana kituko. Fanyia chooni.)

Halafu kuna R na L. Kwa kuwa lugha zetu nyingi za huku hazizitenganishi kama Kiswahili, mtu akiharakisha "mahali" inageuka "mahari" na chumba kizima kinacheka. Soma habari ya gazeti kwa sauti dakika tano kila siku, jirekodi kwa simu, sikiliza, weka alama kila ulipoteleza. Lafudhi haimnyimi mtu kazi. Kasi ndiyo inayoharibu, kwa hiyo punguza kasi kwanza.

Mama wa Kihesa
Mmesahau salamu. Kwetu Iringa na Njombe binti analelewa asalimie kwa kupiga goti kidogo na kuinamisha macho. Ni heshima na isidharauliwe, lakini ikiendelea mpaka kwenye majibu, jopo linaona mtu asiye na uhakika. Salimia kwa heshima zako zote, subiri ukaribishwe, keti mgongo ukiwa umegusa kiti, kisha inua macho. Mtazame aliyeuliza, ukiendelea kujibu wapitie na wengine. Ukiona kumtazama mzee machoni ni kazi ngumu, tazama katikati ya nyusi zake. Hatatambua.

Na shikamoo moja inatosha kwa jopo zima. Usiende kiti kwa kiti.

Bahasha ya Kaki
Mama, kwenye shikamoo tutofautiane kidogo. Kwenye kampuni binafsi yenye wasaili vijana, "Habari za asubuhi" inakaa vizuri zaidi. Ukimwamkia mtu wa rika lako shikamoo, wote wawili mnabaki mnaona aibu.

Mama wa Kihesa
Kijana wa rika lako utamjua, mwenyekiti mwenye mvi utamjua pia. Macho si unayo?

Msumeno wa Pili
Niongelee ukishapata kazi, maana huko ndiko watu wanakwama kimya kimya. Kwenye viwanda vya mbao Mafinga taarifa kama "bosi, mashine imegoma" haimsaidii mtu. Inazaa maswali sita, na kila swali linakufanya uonekane hujui kazi. Taarifa kamili ina kitu, muda, sababu, madhara na ombi:

"Msumeno wa pili umesimama tangu saa 3 asubuhi. Fundi amefungua, beringi imekwisha. Mbao za oda ya leo zitachelewa hadi kesho mchana. Naomba idhini ya kununua beringi na kumpigia mteja kabla ya saa 6."

Hapo umeonekana unajiamini bila hata kupandisha sauti.

Jingine ni hii "sawa" yetu. Mtu wa huku husema "sawa" hata asipoelewa, kwa adabu. Badala yake rudia maagizo kwa maneno yako: "Kwa hiyo natenga za inchi mbili kwa sita pembeni, nyingine zinaingia tanuri la kukaushia leo?" Sekunde kumi hizo zinaokoa mzigo wa siku nzima.

Ukikosolewa, usianze na utetezi. Taja kosa lenyewe, sema utarekebisha lini, uliza swali moja ukiwa nalo. Maelezo ya kilichosababisha yatolewe yakiulizwa, na yawe mafupi. Anayejitetea dakika kumi anaondoka na sifa ya ubishi hata kama alikuwa na haki.

Chai ya Tukuyu
WhatsApp ya kazini: usitume "Habari" halafu ukakaa kimya. Salamu, jina na shida viwe ujumbe mmoja. Ujumbe wa sauti usizidi dakika moja.

Sijui Nijibuje
Wakuu, swali likija la Kiingereza na sielewi hata neno moja la muhimu? Na nikiulizwa nataka mshahara kiasi gani?

Bahasha ya Kaki
La kwanza: omba lirudiwe, mara moja. Kisha lirudie kwa maneno yako kabla ya kujibu. Ukiwa umeelewa ila maneno yanakukwama, omba kufafanua kwa Kiswahili. Wengine watakubali, wengine hapana. Ukiwa hujui kabisa, sema hujui, taja kilicho jirani unachokijua, eleza ungemuuliza nani au ungeangalia wapi. Kubuni jibu ni hatari, kwa sababu swali la pili linafuata palepale ulipobuni.

La mshahara, piga hesabu nyumbani. Chukua mshahara ghafi, yaani kabla ya makato, wa 800,000. Mchango wa mfanyakazi kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 10, yaani 80,000. Inabaki 720,000 ya kukatwa kodi. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, kodi ni 20,000 jumlisha asilimia 20 ya kinachozidi 520,000, jumla 60,000. Mkononi 660,000. Kama una mkopo wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi, toa asilimia 15 ya mshahara wa msingi (bila posho). Ghafi yote ikiwa ni msingi, ni 120,000, unabaki na 540,000. Ukishajua hivyo, taja kiwango cha chini na cha juu, na useme wazi kwamba ni ghafi. Anayetaja "laki nane" akiwa anawaza mkononi hugundua tofauti mwisho wa mwezi wa kwanza, akiwa ameshasaini.