Tupeane uzoefu: Mlionyimwa fidia ya ulemavu uliotokana na kazi, mlifuata njia gani?

Wenzangu, nawasalimu. Wafanyakazi wengi hapa Nairobi wakiumia kazini huambiwa na karani wa ofisi kwamba bima imekataa kulipa, nao hulipokea neno hilo kana kwamba ni hukumu. Si hukumu. Naomba kila aliyewahi kupinga uamuzi wa aina hiyo aeleze alivyofanya, nami naanza.

Nilikuwa nikiendesha mashine ya kukunja mabati katika kiwanda kimoja cha Eneo la Viwanda, ikanikata vidole viwili vya mkono wa kulia. Daktari aliyenitibu alijaza fomu ya tathmini na kuandika ulemavu wa kudumu wa asilimia 10. Bima ikanipeleka kwa daktari wake, ambaye hakuniomba hata nikunje ngumi, akaandika asilimia 4. Tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 hukadiria ulemavu wa kudumu kwa mshahara wa miezi 96: anayelipwa shilingi 30,000 kwa mwezi hupata shilingi 288,000 kwa asilimia 10, lakini shilingi 115,200 tu kwa asilimia 4.

Uamuzi ulipotoka ukiwa umefuata asilimia 4, sikukimbilia mahakamani, kwa kuwa sheria inataka pingamizi lipelekwe kwanza kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika muda wa siku 60. Naye hupaswa kujibu kwa maandishi ndani ya siku 14, akitoa sababu, na ukishalipokea jibu hilo una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Leba. Jibu langu lilishikilia uamuzi wa awali, basi nikaenda katika mahakama hiyo, iliyoko Milimani. Jaji hakuupima mkono wangu; alisoma ripoti zote mbili, akauliza kwa nini ile ya daktari aliyenitibu iliachwa, na sababu ilipokosekana kwenye faili akaagiza tathmini ifanywe upya. Naamini kilichonisaidia zaidi ni barua ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo, iliyoeleza kwamba siwezi tena kushika spana wala kukaza nati. Asilimia peke yake haimwonyeshi jaji kazi ambayo mtu ameipoteza.

Mama wa Kayole:
Pole sana, ndugu yangu. Mume wangu alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, akaumia uti wa mgongo. Wakili tuliyempata alifungua kesi moja kwa moja mbele ya hakimu, akituhakikishia kwamba huko ndiko fidia hupatikana haraka. Mawakili wa mwajiri walisimama siku ya kwanza na kusema mahakama hiyo haina mamlaka, na kesi ikatupiliwa mbali kabla hata jina la mume wangu halijaitwa kutoa ushahidi. Naelewa chanzo cha mkanganyiko huo: Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu kadhaa vya hiyo Sheria ya Fidia mwaka 2009, Mahakama ya Rufaa ikavirejesha vingi mwaka 2017, na Mahakama ya Upeo ikaukamilisha mjadala tarehe 3 Desemba 2019 kwa kuamua kwamba madai haya yaanzie kwa Mkurugenzi. Ila ajali ya mume wangu ilitokea baada ya uamuzi huo, na inaniuma kwamba aliyelipwa kutuongoza hakuuzingatia. Tuliwahi kuwasilisha dai upya kabla ya miezi 12 tangu ajali kwisha, na hilo namshukuru Mungu.

Kibarua wa Embakasi:
Mimi niliambiwa sistahili chochote kwa kuwa sikuwa na mkataba wa maandishi. Sheria inautambua hata mkataba wa mdomo. Nilichapisha taarifa yangu ya M-Pesa iliyoonyesha malipo ya kila Jumamosi kutoka kwa msimamizi, nikaiambatisha, na hoja hiyo haikurudiwa tena.

Dada wa Kasarani:
Langu ni la pensheni, lakini linafanana. Kaka yangu aliomba malipo ya ulemavu akajibiwa kwa sentensi moja kwamba ombi halikufaulu. Nilimsaidia kuandika barua ya kudai sababu kwa kutegemea Kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya mwaka 2015, ambayo huwapa waamuzi miezi mitatu kuzitoa kwa maandishi. Wakinyamaza, huchukuliwa kwamba uamuzi haukuwa na sababu ya msingi, isipokuwa wathibitishe vinginevyo. Sababu zilipokuja, tuligundua ripoti ya hospitali haikuwa kwenye faili lao. Tuliipeleka, na ombi linapitiwa upya. Naomba kuuliza: mwajiri asiporipoti ajali, mfanyakazi afanye nini?

Mwanzilishi:
Dada, mwajiri anatakiwa kuiripoti kwa Mkurugenzi ndani ya siku saba baada ya kupata habari. Asipofanya hivyo, mfanyakazi mwenyewe aende katika ofisi ya usalama kazini ya eneo lake akiwa na karatasi za matibabu, aeleze ajali kwa maandishi, na asiondoke kaunta kabla nakala yake haijapigwa muhuri wenye tarehe.