Ladha za cheri na vanila kwenye waini zinatoka wapi?

Dogo wa Nyakato: Wakuu habari za jioni. Nahudumu hotelini hapa Mwanza, wageni wakiagiza sato wanataka na waini halafu wananiuliza hii ikoje. Nyuma ya chupa wameandika cheri, vanila, pilipili manga, mi nikionja napata uchachu na ukali basi. Hivyo vitu wanaweka kweli au ni maneno ya biashara? Mbona dompo, ile waini tamu ya hapa kwetu, naielewa 😂

Mzee wa Zabibu: Hawaweki dogo, ni zabibu na hamira. Ila sio porojo, ganda la zabibu ya Syrah lina rotundoni, kitu kilekile kinachoipa pilipili manga harufu yake. Cabernet Sauvignon ikivunwa mapema inanukia pilipili hoho. Vanila inatoka kwenye pipa la mwaloni (mti, sio soko la Mwaloni pale Kirumba kwenye dagaa), wanalichoma ndani kwanza ndo waini inalazwa humo.

mama_K: Halafu ulimi wenyewe haujui cheri, unajua utamu, uchachu, uchungu na vingine vichache, kazi kubwa ni ya pua. Bana pua, piga funda, meza, ndo uachie, utaona harufu inavyopanda kwa nyuma. Uchachu unakujaza mate, tanini (ule ukakasi wa ganda na kokwa za zabibu) inakausha fizi kama chai ya rangi iliyolala kwenye chupa. Dompo ni tamu mno, sukari inafunika hayo yote ndo maana unaielewa lol

Bwiru Juu: Kabla ya yote muulize meneja chupa nyekundu zinakaa wapi. Zikikaa kaunta kwa joto letu hili unanusa spiriti tupu, hata mtaalamu hatoboi. Inatakiwa nyuzi 16 mpaka 18 hivi, weka friji nusu saa ndo umimine, na usijaze glasi, theluthi inatosha harufu ipate pa kukaa.

mama_K: Na sato usimpelekee nyekundu nzito, madini ya chuma ya kwenye waini yakikutana na mafuta ya samaki mdomo unabaki na ladha ya msumari. Mpe nyeupe kama Chenin Blanc, hata ya Dodoma ipo, na ndimu pembeni.

Dogo wa Nyakato: Aisee ya msumari nishalalamikiwa sana, tukawa tunamsingizia mpishi. Syrah ipo moja hapa imebaki nusu ya jana, naitia friji saa hizi.

Bwiru Juu: Kama ilifunikwa. Ikinukia siki hiyo mpe mpishi.