Deni limekwisha, ziwa limefunguliwa, usingizi haujarudi: naomba ushauri

Binti Ujiji: Wanajukwaa, habari za jioni. Mimi ni mchuuzi wa dagaa katika mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, nilikuwa na mkopo wa kikundi, nikawa nakesha nikipiga hesabu za marejesho. Hilo sikulishangaa. Kinachonishangaza ni kwamba ziwa lilifunguliwa, mkopo nikaumaliza, na hadi leo usiku mwingi silali. Napanda kitandani saa mbili ili niuwahi usingizi, lakini saa saba bado natazama chandarua, na kila mara nawasha simu kuona muda uliobaki kabla ya kudamka saa kumi na moja kupokea mitumbwi. Mchana najilaza kando ya vichanja wakati dagaa wanakauka. Ajabu ni kwamba nikikaa sebuleni nasinzia vizuri, ila nikigusa mto tu usingizi unaruka. Tatizo ni nini?

Mvuvi wa Katonga: Pole sana dada. Nunua vidonge vya valiamu duka la dawa, utalala kama mtoto.

Tabibu Mstaafu, Tabora: Ndugu mvuvi, hapo sikubaliani nawe. Mwili huzoea dawa hiyo ndani ya wiki chache, na anayeiacha ghafla hukosa usingizi kuliko mwanzo. Si dawa ya kujinunulia bila cheti.

Binti, kukosa usingizi angalau usiku mara tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu au zaidi, huhesabiwa kuwa tatizo sugu. Mwaka 1987 Arthur Spielman na wenzake nchini Marekani walieleza kwamba yako mambo yanayomweka mtu karibu na tatizo hili, yako yanayoliwasha, na yako yanayoliendeleza hata baada ya chanzo kuondoka. Kwako, kufungwa kwa ziwa kuliliwasha. Kinacholiendeleza sasa, kwa maoni yangu, ni zile juhudi zako za kuufukuzia usingizi. Tunapokuwa macho, ubongo hukusanya kemikali iitwayo adenosini, ambayo ndiyo hutuletea uzito wa usingizi. Ukilala mchana unaipunguza, kisha saa mbili unapanda kitandani ikiwa bado haijatosha. Saa zote hizo za kugeukageuka na kutazama simu zimeufundisha mwili kwamba kitanda ni mahali pa kukesha, ndiyo maana sebuleni unasinzia.

Mama Gungu: Je, unakoroma? Na kahawa unakunywa?

Binti Ujiji: Shikamoo mama. Mume wangu anasema sikoromi. Kahawa nakunywa saa kumi jioni na wenzangu, vikombe viwili au vitatu.

Tabibu Mstaafu, Tabora: Swali zuri, kwani mtu anayekoroma huku pumzi ikikatika anahitaji kupimwa hospitali, na ushauri wangu hautamtosha. Kuhusu kahawa, kafeini huziba nafasi ambazo adenosini ingefanyia kazi, na nusu yake huweza kubaki mwilini baada ya saa tano hivi. Kunywa asubuhi tu.

Endelea kudamka saa kumi na moja kila siku, hata kama hukulala, lakini usipande kitandani kabla ya saa nne na nusu, na hata saa hiyo subiri mpaka usinzie. Zikipita kama dakika ishirini bila usingizi, ambazo utazikisia tu kwa sababu simu utaiacha sebuleni, ondoka, ukae penye mwanga hafifu, na urudi usingizi ukija. Siku za mwanzo utachoka kuliko sasa, na wengi huacha hapo. Mwenye kifafa asijaribu bila daktari. Wiki kadhaa zikipita bila nafuu, au ukiona huzuni isiyoondoka, nenda hospitali.

Binti Ujiji: Ahsante mzee wangu. Je, mchana nisilale kabisa?

Tabibu Mstaafu, Tabora: Ikiwezekana, usilale. Ukizidiwa, dakika ishirini kabla ya saa nane mchana, na mwombe jirani wa kichanja akuamshe.