Naombeni ushauri: sehemu za Arusha zisizojulikana sana za kumtembeza mgeni

Mwana wa Sakina (mleta uzi)
Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Mwishoni mwa mwezi huu nitapokea mgeni kutoka Mwanza, ambaye atafika Alhamisi usiku na kuondoka Jumatatu alfajiri. Ningependa kumwonyesha jiji letu, lakini si kwa kumpiga picha Mnara wa Saa kisha kumpeleka kula nyama choma, kwa sababu hayo anaweza kuyaona kwenye simu yake kabla hata hajapanda basi. Hifadhi si lazima, kwani mgeni mwenyewe ameshazoea wanyama. Ninatafuta sehemu tulivu ambazo watu wawili wanaweza kutembea na kuzungumza bila kusukumwa na ratiba. Sina gari, na uwezo wangu ni wa kawaida. Jambo hili linaninyima usingizi, kwa sababu kila nikikaa kupanga nagundua kwamba nimeishi hapa miaka mingi nikipita tu kati ya nyumbani, kazini na sokoni.

Mzee wa Kaloleni
Mwanangu, anzia mjini kwa miguu. Ukishuka Barabara ya Boma hadi mwisho utalikuta Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1900, ambalo tangu 1987 ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Wenyeji wengi hulipita wakidhani ni ofisi ya serikali. Ndani mtaona nakala ya nyayo za Laetoli za viumbe wa kale wa jamii ya binadamu, zilizogunduliwa mwaka 1978 na kundi la watafiti la Mary Leakey, ambazo zilikanyagwa kwenye majivu ya volkano miaka ipatayo milioni 3.6 iliyopita. Mtazame vizuri, kwa sababu mmoja wa wale viumbe alikuwa akikanyaga ndani ya nyayo za mwenzake aliyemtangulia. Nyuma ya Boma kuna bustani na Mto Themi, na hapo mnaweza kukaa mchana mzima bila mtu kuwasumbua.

Kisha njooni huku kwetu, kwenye Makumbusho ya Azimio la Arusha, karibu na Mnara wa Mwenge. Katika ukumbi ule ule Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Januari 1967 na kupitisha Azimio, ambalo lilitangazwa Februari 5. Vijana hulisoma Azimio kwa ajili ya mtihani, lakini hawajui kwamba mlango wake uko wazi kwao.

Kahawa ya Usa
Mimi ningemtoa mjini kabisa. Panda kifodi cha Usa, shuka Tengeru, nenda Ziwa Duluti. Ni ziwa dogo lililo ndani ya shimo la volkano ya zamani, limezungukwa na msitu wa hifadhi unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, na kuna njia ya miguu inayolizunguka lote. Mtawaona kenge wakiota jua, tumbili na ndege wa kila namna, na anayetaka mtumbwi atapewa pamoja na mtu wa kumpigia kasia. Watu wa Dar es Salaam huja hadi hapa, ilhali jirani yangu wa Usa hajawahi kuingia getini.

Na kama mgeni anapenda historia, mwambie habari za ardhi ya Wameru. Bibi yangu alikuwa miongoni mwa watu waliohamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki mwaka 1951 ili walowezi wapewe eneo lile, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuyapeleka malalamiko yetu mbele ya Umoja wa Mataifa. Bibi alikuwa akisimulia jinsi walivyochanga fedha za safari ile, wengine wakitoa mahindi na mbuzi, na kila alipofika hapo alinyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Naona nimetoka nje ya swali, lakini habari hii ndiyo hunijia kila ninapoutazama Mlima Meru.

Binti wa Levolosi
Mleta uzi, mbona hujatuambia mgeni ni nani? Kumtembeza mzee wa miaka sabini si sawa na kumtembeza mchumba, na kumtembeza mchumba si sawa na kumtembeza mkuu wako wa kazi. Tunaweza kukujazia orodha ndefu na isikufae hata kidogo.

Mwana wa Sakina
Nawashukuru sana, hasa mzee wangu wa Kaloleni, shikamoo. Mgeni ni mtu wa karibu, bado kijana, na hana tatizo la kutembea. Naomba tuendelee na maeneo.

Binti wa Levolosi
"Mtu wa karibu" si jibu, kaka. Umesema jambo hili linakunyima usingizi, na mtu hanyimwi usingizi na rafiki wa kawaida anayekuja kutembea.

Dereva wa Njiro
Kama ni mchumba mwambie tu ukweli, tukuelekeze sehemu zenye kivuli na soda ya bei nafuu. Hapa tunafichiana siri.

Mwana wa Sakina
Sawa, nitasema. Mgeni ni binti yangu, ana miaka kumi na minne. Anaishi na mama yake Mwanza, na mara ya mwisho kuishi naye nyumba moja alikuwa darasa la kwanza. Tumekuwa tukizungumza kwa simu, na ada ya shule sijawahi kuikatisha, lakini kukaa naye ana kwa ana kwa siku kadhaa mfululizo ni jambo jipya kwetu sote wawili. Tulikubaliana na mama yake kwamba atalala kwa shangazi yake Njiro, nami nitamchukua kila asubuhi na kumrudisha jioni.

Niongeze pia kwamba Jumamosi nimeshailipia kampuni moja ya utalii malipo ya awali, ili tuungane na kundi la kwenda Ngorongoro na kurudi siku hiyo hiyo. Hajawahi kumwona tembo wala kifaru, nami sitaki arudi Mwanza aulizwe na wenzake alichokiona Arusha akose la kusema. Kwa hiyo ushauri ninaouhitaji ni wa Ijumaa na Jumapili.

Mama Wawili
Mimi nitasema bila kuzunguka. Mtoto wa miaka kumi na minne haji kuangalia tembo, anakuja kumwona baba yake, na kwa nini alale kwa shangazi wakati baba ana nyumba? Wazazi wengi mnadhani ada inatosha. Mimi nililelewa na mama peke yake, na ninachokikumbuka kuhusu baba ni kwamba kila alipokuja alitununulia viatu na kuondoka kabla chakula cha jioni hakijaiva.

Mwana wa Sakina
Dada yangu, mpango wa kulala kwa shangazi uliwekwa na mama yake, na nimeuheshimu ili safari isivunjike. Naomba tusiufungue hapa.

Karani Mstaafu
Kwa umri huo, mpeleke hata akalione kutoka nje jengo la AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa kilichofunguliwa mwaka 1978. Ndani yake Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda iliendesha kesi zake hadi ilipofungwa mwaka 2015, na Septemba 2, 1998 ilitoa hukumu ya Jean-Paul Akayesu, ya kwanza duniani ambamo mahakama ya kimataifa ilimtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari. Nilifanya kazi jirani na jengo lile na nikawaona mashahidi wakishuka kwenye magari huku wamefunikwa wasitambulike. Binti wa sekondari anapaswa kujua kwamba mambo makubwa namna ile yaliamuliwa katika mji wa baba yake.

Kahawa ya Usa
Nami naongeza Makaburi ya Wapolandi, jirani na chuo cha mifugo hapo hapo Tengeru. Kuanzia mwaka 1942 waliletwa hapa wakimbizi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wamepelekwa kwa nguvu Siberia na utawala wa Kisovieti. Walipoachiliwa walipitia Uajemi, wakavuka bahari hadi Afrika Mashariki, na huku Tengeru wakajenga kanisa, shule na hospitali. Wengi waliondoka baada ya vita, lakini makaburi yapatayo 150 yamebaki, na mmoja wa wale waliokuja wakiwa wadogo aliishi hapa maisha yake yote hadi alipozikwa mahali hapo mwaka 2015. Yupo mtunzaji anayefungua lango na kuwaeleza wageni.

Dereva wa Njiro
Hilo mimi napinga. Usimpeleke mtoto makaburini katika safari ya kwanza. Mpandishe Ng'iresi, kijiji cha Waarusha kwenye mteremko wa Meru, kilomita kama saba kutoka mjini. Wenyeji wenyewe huwatembeza wageni kwenye mashamba ya kahawa na migomba, na hali ya hewa kule ni ya baridi hata mchana.

Kahawa ya Usa
Ndugu dereva, waliozikwa pale ni watu waliokimbia vita na kupata pa kuishi katika ardhi ya wageni. Mwanangu nilimpeleka akiwa mdogo kuliko huyu, akauliza maswali njia nzima ya kurudi, na nilifurahi kuyajibu.

Msomaji Kimya
Samahani, mimi nina shaka na uzi huu. Mwanzo mleta uzi alisema mgeni ameshazoea wanyama na hifadhi si lazima. Baadaye akasema binti hajawahi kumwona tembo na tayari amelipia Ngorongoro. Mtu huyo huyo hawezi kusema yote mawili kwa ukweli. Nimeona nyuzi nyingi ambazo mtu anatunga kisa cha kugusa moyo ili wenyeji wamwandikie ratiba nzuri, kisha wiki ijayo ratiba ile ile inauzwa kama ziara ya "Arusha isiyojulikana". Kazi ya kuwatembeza wageni kwa malipo ina leseni yake, na anayetaka kuifanya afuate utaratibu.

Mama Wawili
Nami nilikuwa nimeshaanza kumwonea huruma. Mleta uzi, tujibu.

Mwana wa Sakina
Sijatunga, na simtembezi mtu kwa malipo. Yote mawili niliyosema ni kweli. Nilipomwambia kwenye simu kwamba tutakwenda kuona wanyama, alinijibu kwamba wanyama ameshawazoea, kwani shule iliwapeleka kwenye hifadhi ya kisiwa cha Saanane, huko huko Mwanza, wakaona swala na pimbi, na kwamba yeye angependa kuona ninapoishi na ninapopita kila siku. Ndiyo sababu niliandika hivyo mwanzoni. Lakini Saanane si Ngorongoro, na mtoto hawezi kujua asichokijua. Baba anaruhusiwa kumwamulia mwanawe jambo zuri.

Binti wa Levolosi
Kaka, hilo ndilo ulilopaswa kuliandika katika mstari wa kwanza. Binti amekwambia kwa kinywa chake anachokitaka, nawe umelipia kitu kingine. Kutoka Arusha hadi lango la Ngorongoro ni zaidi ya kilomita 150, na kabla ya jioni mtakuwa mmeirudia njia yote hiyo ndani ya gari lenye watu msiowafahamu, dereva akieleza mambo kwa sauti. Mtazungumza saa ngapi?

Msomaji Kimya
Kama ndivyo, basi naondoa neno langu la kuuza ziara. Lakini kuhusu Jumamosi, nakubaliana na dada wa Levolosi.

Mwana wa Sakina
Nimeyasoma yote. Kuhusu Ngorongoro bado nina uzito, kwa sababu fedha imeshatoka, na sijui kama kampuni itakubali kuihamishia tarehe nyingine, labda likizo ya Desemba. Nitawauliza kesho. Naomba mnisaidie tu kupanga Jumamosi hiyo iwapo watakubali. Ijumaa tutakwenda Boma na Kaloleni kama alivyosema mzee, kisha nitampitisha Sakina aone nyumbani, na jioni ile ile nitamrudisha Njiro kama tulivyokubaliana.

Kahawa ya Usa
Jumamosi ni siku ya soko la Tengeru, sawa na Jumatano, kwa hiyo vifodi hujaa tangu asubuhi. Ondokeni mapema, mwende moja kwa moja Duluti mzunguke ziwa kabla jua halijawa kali, na mbebe maji na viatu visivyoteleza kwa sababu njia ya msituni ina mizizi. Makaburini mtapita baadaye kama binti mwenyewe atapenda, muulizeni mtu yeyote wa chuoni atawaelekeza. Sokoni mwishie mchana, mnunue parachichi na ndizi za kumpelekea shangazi, na msisubiri jioni kurudi, kwa maana saa hizo wafanyabiashara wote wanapanda na magunia yao na mtasimama hadi mjini.